HALI AU HESABU? UHAKIKI WA ISTILAHI YA OKSIDISHO KATIKA MAFUNZO YA KEMIA

1. Utangulizi

Mjadala wa istilahi za sayansi katika Kiswahili aghalabu huishia katika swali moja: je, neno lipo au halipo? Likiwapo, kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo halitoshi. Istilahi yaweza kuwapo, ikaingizwa kamusini na kukubaliwa na wataalamu, na bado ikampoteza mwanafunzi. Mfano uliochaguliwa ni mmoja, nao ni mdogo: lugha inayotumika kueleza namna ya kukokotoa kile kiitwacho "hali ya oksidisho" ya atomu.

Mfano huu una uzito wake. Katika shule za sekondari za Eldoret, kama kwingineko nchini Kenya, kemia hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, ingawa kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kiswahili hubakia lugha ya kufafanulia kando, mwanafunzi anapomwuliza mwenzake maana ya kanuni aliyoikariri. Iwapo ufafanuzi huo nao ni tafsiri ya neno kwa neno, mwanafunzi hukosa pa kushika katika lugha zote mbili.

2. Neno "hali"

Istilahi ya Kiingereza ilipewa maana yake ya sasa na mwanakemia wa Marekani, W. M. Latimer, mwaka 1938. Mfasiri anayeifuata kisisisi hupata "hali ya oksidisho". Tafsiri hiyo ni sahihi kwa sura, lakini ina kasoro mbili.

Kwanza, somo la kemia limekwisha kulitumia neno "hali" kwa jambo jingine. Mwanafunzi amefunzwa mapema kwamba maada ina hali tatu: yabisi, kimiminika na gesi. Hizo ni hali zinazoonekana na kuguswa. Akisikia tena "hali", hana budi kudhani kwamba nayo hii ni sifa inayoweza kushuhudiwa.

Pili, jambo lenyewe si hali bali ni hesabu. Ufafanuzi uliotolewa mwaka 2014 katika ripoti ya Umoja wa Kimataifa wa Kemia Halisi na Kemia Tumizi unalieleza kuwa ni chaji ambayo atomu ingekuwa nayo iwapo vifungo vyake na atomu za elementi nyingine vingechukuliwa kuwa ni vya ioni tupu. Kiini cha ufafanuzi huo kimo katika "ingekuwa" na "iwapo". Kiswahili kina kiambishi cha -nge- kwa kazi hiyo hiyo. Lakini neno "hali" linalifuta sharti hilo na kuacha dhana ya kitu kilichopo.

Kutosha kwa ushahidi ni oksidi ya chuma yenye fomula Fe₃O₄. Oksijeni nne huleta hasi 8; kwa hiyo chuma tatu hazina budi kuleta chanya 8, yaani 8/3 kwa kila moja. Hakuna atomu ya chuma yenye theluthi nane. Kwa hakika mbili zina chanya 3 na moja ina chanya 2. Theluthi nane ni wastani. Hesabu hukubali wastani bila taabu, "hali" haikubali. Kwa hiyo yafaa kusema "namba ya oksidisho".

3. Oksidisho bila oksijeni

Shina la istilahi nalo lataka kuangaliwa. Zamani oksidisho lilimaanisha kuungana na oksijeni, na ndiyo maana jina linafanana. Maana hiyo imepanuka, lakini sura ya neno imebaki.

Mfano ulio karibu na Eldoret ni fluorspa ya Kimwarer, katika bonde la Kerio, ambako uchimbaji ulisimama mwaka 2016. Madini hayo ni kalsiamu floridi, CaF₂. Florini ndani ya kampaundi huwa daima na namba hasi 1. Zikiwa mbili, ni hasi 2. Jumla ya namba zote katika kampaundi isiyo na chaji ni sifuri. Basi kalsiamu ina chanya 2. Kalsiamu ikiwa peke yake ilikuwa na sifuri. Imepanda kutoka sifuri hadi 2, basi imeoksidishwa, wala hapana oksijeni hata chembe katika jiwe lile. Mwalimu asiyeyasema haya waziwazi humwacha mwanafunzi aiwinde oksijeni isiyokuwapo.

Oksijeni yenyewe kwa kawaida ina hasi 2, na haidrojeni ina chanya 1 inapoungana na simetali. Kanuni hizi chache zatosha kwa potasiamu pamanganeti, KMnO₄. Potasiamu ina chanya 1. Oksijeni nne zina hasi 8. Ili jumla iwe sifuri, manganizi haina budi kuwa na chanya 7. Namba ipatikanayo haikuonwa kwa jicho. Ilibakia baada ya wengine kutajiwa vyao, kama fungu la mrithi wa mwisho.

4. Kupunguza na deni

Kinyume cha oksidisho kwa Kiingereza kimetokana na Kilatini chenye maana ya kurudisha: mawe ya madini yalirudishwa kuwa metali. Mfasiri wa leo hulijiwa na neno "kupunguza", na hapo ndipo utata mkubwa unapozuka. Mwanafunzi huambiwa kwamba atomu "inayopunguzwa" ni ile "inayopata" elektroni. Anayepata anapunguaje? Wengi huliacha swali hilo na kukariri.

Jibu limo katika alama. Elektroni ina chaji hasi. Kuipata ni kuongezewa hasi, na kuongezewa hasi ni kushuka. Lugha ya sokoni inaweza kulieleza hili vizuri kuliko neno "kupata": elektroni ni mfano wa deni. Aliyebebeshwa deni ameongezewa kitu, na mizani yake imeshuka. Aliyelipa deni ameondokewa na kitu, na mizani yake imepanda. Kwa hiyo "kupunguza" ni neno jema, madhali inatajwa kipunguacho: namba, si elektroni. Kosa halimo katika neno bali katika sentensi isiyotaja mtenda, mtendwa na kipimo.

5. Msaada wa kitenzi

Hapa Kiswahili kina mali ambayo waundaji wa istilahi wameielekeza zaidi kwenye nomino kuliko kwenye vitenzi. Mnyambuliko wa -oksidisha, -oksidika na -oksidishwa huonyesha nani anamfanyia nani. Kadhalika -pungua, -punguza na -punguzwa. Kioksidishi humwoksidisha mwenzake, chenyewe hupungua. Kipunguzi humpunguza mwenzake, chenyewe huoksidika. Kinyume hiki huwasumbua wanafunzi kila mwaka, ilhali kila mtu anajua kwamba kitambaa kinachosafisha meza ndicho kinachochafuka.

Kazi za viwanda vya nguo, kama kile cha Rivatex cha Eldoret ambacho Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007, zina mifano tele katika kemia yake. Pamba huweza kutakaswa kwa haidrojeni peroksidi, H₂O₂. Humo oksijeni huiacha kawaida yake na kuwa na hasi 1. Ikiisha kuoksidisha uchafu, hushuka na kuwa hasi 2 katika maji. Nili nayo haiyeyuki katika maji. Hupunguzwa kwanza, mathalani kwa sodiamu dithayonaiti, Na₂S₂O₄, ili iyeyuke na kupenya nyuzi. Kisha hewa huioksidisha tena, ikanasa. Katika dithayonaiti, sodiamu mbili zina chanya 2 na oksijeni nne zina hasi 8. Salfa mbili zabakiwa na chanya 6, yaani 3 kwa kila moja. Salfa hiyo hupanda hadi 4 au zaidi kwa kadiri nili inavyoshuka. Asemaye "kipunguzi kimeoksidika" amesema jambo moja lenye pande mbili, na viambishi vimemchukulia nusu ya mzigo.

6. Hitimisho

Itasemwa kwamba mtihani ni wa Kiingereza, basi jitihada hii ni ya bure. Hoja hiyo huchanganya lugha ya kujibia na lugha ya kuelewea. Aliyeelewa kwamba elektroni ni deni hatashindwa kuliandika jibu kwa lugha yoyote atakayotakiwa.

Ni kweli pia kwamba hapana lugha itakayomwondolea mwanafunzi wajibu wa kujifunza kanuni na zinazozivunja, kama peroksidi. Lakini ni haki yake kutopewa vikwazo ambavyo kemia yenyewe haikuviweka. Kamati za istilahi zitakapokaa tena, haifai ziulize tu jina la kitu ni lipi. Zijaribu jina hilo ndani ya sentensi nzima, pamoja na vitenzi vyake, mbele ya mwanafunzi mwenye fomula ya kukokotoa. Istilahi isiyomfikisha kwenye jibu haijasanifiwa bado, hata ikiwa imechapishwa.