Ulimi wa Kuazima

Katika ploti za Kayole, kati ya kitanda chako na cha jirani kuna tofali moja tu, na upande wa Soweto hata hilo tofali ni bati. Ukipanga chumba cha katikati utalala ukijua wa kushoto amekosana na nani kwao Murang'a, na wa kulia ametumiwa nini kutoka Siaya. Mtoto aliyelelewa hapo huanza darasa la kwanza akiwa tayari anajua kumwiga kila mpangaji, landilodi akiwemo. Hasa landilodi. Ndiyo maana nimemhesabu Mzee Ojwang', yule mchekeshaji wa televisheni, kuwa mtu wa mitaa hii, wala sihitaji kuonyeshwa risiti yake ya kodi.

Jina lake la kuzaliwa ni Benson Wanjau, Mkikuyu. Katika vipindi vya Vitimbi na Vioja Mahakamani alikuwa Ojwang' Hatari, mzee wa Kijaluo, mumewe Mama Kayai. Naye Mama Kayai, Mary Khavere, ni Mluhya. Mume Mkikuyu, mke Mluhya, na nchi nzima ikaapa kwamba hao ni Wajaluo kutoka kando ya ziwa.

Tuliwatazama kwenye Great Wall, ile televisheni ndogo isiyo na rangi, ikiendeshwa kwa betri ya gari, huku mtu mmoja nje akizungusha waya wa eriali na kuuliza kwa sauti kama picha imerudi. Kabla ya KTN kuanza mwaka 1990, kituo kilikuwa kimoja, kile cha serikali, na kicheko cha ploti nzima kilipasuka kwa wakati mmoja.

Wengi hudhani kuiga lafudhi ni kuongeza chumvi. Kwanza sharti uitoe chumvi yako mwenyewe. Kikuyu hakina sauti ya l, ndiyo sababu "kulala" huweza kumtoka msemaji wake kama "kurara". Kijaluo kinazo l na r, kila moja na mahali pake, ila hakina sh wala z, kwa hiyo shida hugeuka "sida". Sasa mpe Wanjau sentensi ya kawaida ya mtaani: nilale njaa kwa shida ya shilingi ishirini? Zile l za "nilale" lazima zisimame wima, sh zote tatu ziyeyuke, na r ya "ishirini" ibaki palepale. Akiteleza kwenye l moja tu, Mkikuyu amechungulia dirishani na mchezo umekwisha. Yeye aliyafanya hayo huku amekasirika, au anamdanganya mke, au anakimbia deni.

Kisha kuna mahadhi. Lugha zote mbili hupanda na kushuka kwa toni, lakini kila moja ina ngazi zake. Hapo mchekeshaji hana budi kuwa mwanamuziki: maneno ni ya Kiswahili, tuni ni ya Nyanza. Kitu hicho hukisomi kitabuni. Unakipata kwenye foleni ya maji, au ndani ya matatu ya 19/60, konda anapombembeleza kila abiria kwa lugha ya mama yake ili asidaiwe chenji.

Siku hizi lafudhi imekuwa jiwe la kurushia. Kijana anapanda jukwaani, anaharibu r mbili, anasema kabila fulani linapenda pesa, watu wanapiga makofi, amelipwa. Sisemi wote, na mimi mwenyewe nimecheka zaidi ya ninavyopaswa kukiri. Lakini upumbavu wa Ojwang' ulikuwa wa Ojwang'. Tamaa yake, woga wake kwa mkewe, ujanja unaomrudia mwenyewe, hivyo vyote ungeviona kwa mzee wa nyumba namba tano, awe wa kabila lolote. Hata baada ya ule uchaguzi wa Desemba 2007, jina la kwenye kitambulisho lilipotosha kumfukuza mtu nyumbani kwake, hakuna niliyemsikia akimdai Ojwang' aeleze ni wa upande gani.

Macho yalipomlemea uzeeni, Wakenya walimchangia matibabu. Ni jambo jema na ni aibu pia, kwamba mtu aliyeichekesha nchi kwa miongo kadhaa alihitaji harambee ili aione.

Alifariki Julai 2015. Asubuhi iliyofuata, kwa mama anayeuza omena karibu na steji, redio ilikuwa ikitaja jina la Wanjau kila baada ya dakika chache. Mteja mmoja akampa pole. Mama akaendelea kupima omena kwa kile kikopo chake, akakijaza hadi juu, akaongeza na kiganja.

"Wanjau mimi simjui," akasema. "Mimi nimefiwa na Ojwang'."