Wachoraji wa Katanga: mkono ni wa nani, neno ni la nani?

Kuna desturi moja ya kusema ambayo twaisikia hata midomoni mwa watu waliosoma sana. Wakiona tablo ya mtu wa kwetu wanasema: «Hii ni kazi ya Kiafrika», kisha wanapita. Tablo ya Mzungu wanauliza kama ni ya Rubens ama ya Rembrandt. Ya kwetu hawaulizi jina, kana kwamba watu wote wa inchi hii wana mkono mmoja tu. Sisi twataka kuangalia wachoraji wachache wa Katanga, tuone kama maneno hayo yanasimama.

Tuanze na ukuta. Mwaka 1926 Mbelgiji mmoja, Georges Thiry, mtumishi wa serikali ya koloni, aliona huko Bukama nyumba zilizopambwa sanamu. Fundi alikuwa Albert Lubaki, aliyejua pia kuchonga pembe za tembo. Thiry akampa karatasi na rangi za maji, na mwaka 1929 kazi zake zilionyeshwa Bruxelles. Watu wanamsifu Thiry, na ni haki: ukuta wa udongo ni chakula cha mvua. Lakini ukuta ulikuwa mbele ya watu wa kijiji, wakipita kwenda mtoni waliuona, wakacheka, wakabishana. Karatasi iliokoa sanamu na papo hapo ikaiondolea wenye kuiangalia.

Miaka ishirini baadaye, mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua katika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, nyumba ya kazi iliyoitwa Le Hangar. Hakuwapa vijana tablo za Ulaya wazifuate. Aliwapa rangi, akawaambia watazame na kukumbuka. Sasa msomaji afikiri: paa moja, mwalimu mmoja, rangi zile zile. Kama «mkono wa Kiafrika» ungekuwa mmoja, hapo ndipo ungeonekana.

Haukuonekana. Bela, mtu wa Tchad aliyekuwa akimtumikia Romain-Desfossés, aliacha burashi akachora kwa ncha za vidole. Alama za vidole zinajaa karatasi nzima, majani na nyama na watu wamefanywa kwa mgongano ule ule, na jicho halipati mahali pa kupumzika. Pilipili Mulongoy (1914-2007) ni mtu wa utulivu. Samaki wake, ndege wake, mamba wake, kila gamba na kila unyoya umehesabiwa. Nyuma yao ameweka alama ndogo ndogo kwa uvumilivu wa mtu anayesuka mkeka. Mwenze Kibwanga (1925-1999) yeye anakata. Rangi zake ni mistari mifupi, mmoja kando ya mwenzake, nayo inageuka kufuata mwili wa mwindaji ama wa swala, hata mtu aliyesimama anaonekana kuwa katika mwendo. Kwa maoni yetu huyu ndiye mkubwa kati ya watatu, ijapokuwa wengi wanampenda zaidi Pilipili, maana samaki wake wanapendeza ukutani na hawamsumbui mtu.

Hata hivyo tuna neno la kulaumu. Mwalimu aliachilia mikono, lakini je, aliachilia na macho? Nje ya mlango wa Hangar kulikuwa na muji mzima: dohani ya Union Minière, treni, kambi za wafanyakazi, maaskari, wanawake sokoni. Katika tablo, kwa sehemu kubwa, kuna mto, msitu, nyama na uwindaji. Romain-Desfossés aliogopa kwamba mambo ya Ulaya yataharibu roho ya vijana wake. Twaelewa woga wake, na ulitoka katika upendo. Lakini mtu anayekaa muji akichora msitu kila siku, kwa watu wanaotaka kununua msitu, tutasemaje kwamba amesema yote yaliyo moyoni? Mwalimu alikufa mwaka 1954, na nyumba yake ikaingizwa katika Akademi ambayo Laurent Moonens alikuwa ameianzisha mwaka 1951.

Mtu aliyechora muji alitokea baadaye, na hakutoka Akademi. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947, alichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga. Aliuza kwa watu wa kawaida walichokitaka kwa sebule zao, kama ile «Colonie belge», mfungwa anayepigwa fimbo na Mzungu akitazama. Mtu wa shule atasema: huyu anarudia kazi moja mara kumi, anafuata mununuzi, uhuru wake uko wapi? Lakini katika 1973 na 1974, alipopata msikilizaji, mtaalamu Johannes Fabian, alimtolea historia nzima ya inchi, tablo zaidi ya mia moja, akizieleza moja moja kwa Kiswahili cha Katanga. Mkono wake hauna ufundi wa Mwenze. Watu wake ni wagumu kama vijiti. Lakini anajua anachotaka kusema, na kwa nani.

Katika tablo ya kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito, waliouawa tarehe 17 Januari 1961, aliweka misalaba mitatu nyuma yao. Padri lazima asimame hapo. Mkombozi ni mmoja, na kiongozi wa siasa, hata akiuawa bila haki, si Yezu Kristu. Hilo twalisema wazi. Lakini tusikimbilie kumhukumu mchoraji. Katika makanisa yetu mengi Njia ya Msalaba ni karatasi iliyochapishwa Ulaya, nayo imeanza kufifia; tunapita mbele yake Kwaresima baada ya Kwaresima na hatushtuki. Yeye alichukua kilima cha Kalvari akakipanda katika udongo wa Katanga, na mtu hawezi kupita bila kusimama.

Tablo zile zilihifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Amsterdam. Kitabu chake kilitoka mwaka 1996, kwa Kiingereza.