Tandiko la Nani? Kibodi ya Vitufe 60 na Kidole Kidogo cha Kushoto

Kama una marafiki wanaotumia Linux, basi mahubiri haya umeshayasikia: kibodi yako ni kubwa mno. Achana na ile sehemu ya namba, achana na mishale, achana na F1 hadi F12, nunua kibodi ndogo, maisha yatanyooka. Na mahubiri yakiendelea kidogo tu, utatajiwa Happy Hacking Keyboard, kwa kifupi HHKB, kibodi ya Kijapani yenye vitufe 60. Matoleo yake ya juu yanauzwa zaidi ya dola 200 za Marekani, na hapo hujalipia usafiri wala ushuru.

Leo tuihakiki. Sizungumzii plastiki yake wala mlio wa vitufe vyake. Hayo yamejaa kwenye video. Nazungumzia wazo lililo nyuma ya mpangilio wake: lina ukweli kiasi gani, na lilipimwa kwa mkono wa nani? Mimi tasnifu naandika kwa Kiswahili na programu naandika kwa Python. Mashine ni moja, vidole ni vilevile kumi. Kwa hiyo swali hili kwangu si la mapambo.

Wazo lenyewe

Mpangilio wa HHKB ulitoka kwa Eiiti Wada, mwanasayansi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Tokyo. Kero yake ilikuwa kwamba kila mashine ilikuja na kibodi yake, na vitufe muhimu vilihamahama. Akapendekeza kibodi ndogo isiyobadilika, ambayo mtu anaweza kuhama nayo kutoka mashine moja hadi nyingine. Kampuni ya PFU ikaitoa sokoni mwaka 1996. Wada aliifananisha na tandiko: mchunga ng'ombe wa Marekani, farasi wake akifia jangwani, humwacha pale pale, lakini tandiko hulibeba hata kama anatembea kwa miguu, kwa sababu limeshazoeana na mwili wake. Kompyuta ni farasi, inapita. Kibodi ni tandiko.

Ukiiangalia kibodi hiyo, maamuzi makubwa ni matatu. Control iko kushoto kwa A, pale ambapo kwenye kibodi yako pana Caps Lock. Esc iko jirani na 1. Na mishale haina vitufe vyake: unashikilia Fn, kisha unabonyeza [ kwa juu, / kwa chini, ; kwa kushoto na ' kwa kulia.

Kwa nini Control ipewe kiti cha mbele?

Hapa kuna sayansi nzuri, na watu wengi wanaoisifu kibodi hii hawaielezi. Katika ASCII kila herufi ni namba. C kubwa ni 67. Kazi ya asili ya Control ilikuwa kupunguza 64 kwenye namba ya herufi: 67 kutoa 64, inabaki 3. Hiyo 3 ndiyo inayofika kwenye terminali unapobonyeza Ctrl-C, na Unix huichukua kama amri ya kukatisha programu inayoendelea.

Sasa endelea na hesabu. I ni 73. Toa 64, unapata 9, ambayo ni Tab. M ni 77, inabaki 13: hiyo ni Enter. Alama [ ni 91, inabaki 27: hiyo ni Esc. Usiniamini tu, fungua terminali, andika ls halafu bonyeza Ctrl-M badala ya Enter. Umeona? Maana yake ni kwamba Control si kitufe cha pembeni. Ni kama mlango wa kibodi ya pili iliyofichwa ndani ya ile ya kwanza, na ndiyo maana kibodi ndogo inaweza kuwa ndogo bila kukupunguzia kitu kikubwa kwenye terminali.

Wala Wada hakuwa wa kwanza kuiweka hapo. Terminali ya ADM-3A ya miaka ya 1970, ambayo Bill Joy aliitumia kutengeneza kihariri cha vi, ilikuwa na Control jirani na A, na mishale yake ilichorwa juu ya H, J, K na L. Ndiyo maana hadi leo vi inatembea kwa herufi hizo. Ni IBM, kwa kibodi yake ya vitufe 101 ya katikati ya miaka ya 1980, iliyoeneza desturi ya kuitupa Control kwenye kona ya chini na kuipa Caps Lock kile kiti kizuri. Wengi wetu Caps Lock tunaibonyeza kwa bahati mbaya tu, KISHA TUNAJIKUTA TUNAPIGA KELELE HIVI.

Kwa hiyo kwenye hoja hii HHKB iko sahihi. Lakini subiri, usitoe pesa bado.

Jaribu bure kwanza

Hoja ile yote unaipata kwenye laptopu yako kwa mstari mmoja. Kama unatumia X11:

setxkbmap -option ctrl:nocaps

Caps Lock imekuwa Control. Ukitaka kurudi ulikotoka, andika setxkbmap -option '' na habari imeisha. Kama uko kwenye GNOME ya Wayland:

gsettings set org.gnome.desktop.input-sources xkb-options "['ctrl:nocaps']"

Kwenye Debian na Ubuntu, ukitaka ibaki hivyo hata ukiwasha upya, weka XKBOPTIONS="ctrl:nocaps" ndani ya /etc/default/keyboard. Mac nayo ni Unix. Huko utakuta uchaguzi huo kwenye mipangilio ya kibodi, bila kuandika amri yoyote.

Ishi na mstari huo kwa mwezi mmoja. Hiyo ndiyo hukumu yangu ya kwanza: mtu anayenunua kibodi ya dola mia kadhaa kabla ya kujaribu mstari huu ananunua asichokijua.

Hapo ndipo kidole kilipoanza kulalamika

Mimi nilikaa nao wiki sita. Wiki za mwanzo nilikuwa nikiandika programu, nikafurahi kweli. Kisha nikaingia kwenye sura ya pili ya tasnifu, Kiswahili kuanzia asubuhi hadi jioni, na kidole kidogo cha mkono wa kushoto kikaanza kuuma. Jioni nashika kikombe cha chai, kidole kinakaa nje kama cha bwana mkubwa.

Nilidhani ni uchovu tu. Halafu nikatazama herufi. Chukua methali unayoijua: haraka haraka haina baraka. Herufi 23. Ngapi ni a? Kumi na moja. Ndiyo, nimechagua methali inayonifaa. Basi pima kwa maandishi yako mwenyewe:

tr -cd 'a-zA-Z' < tasnifu.txt | tr A-Z a-z | fold -w1 | sort | uniq -c | sort -rn | head

Faili likiwa la Kiswahili, a itakaa juu kabisa, na pengo kati yake na wanaofuata litakushangaza. Sababu ni sarufi yetu: vitenzi vingi vinaishia na -a, kuna a-, wa-, na, ya, wa, -na-, -ta-. Kwenye Kiingereza herufi inayoongoza ni e, ambayo inabonyezwa na kidole cha kati, chenye nguvu. Kwenye Kiswahili inayoongoza ni a, na mpangilio wa QWERTY umeitundika kwenye kidole kidogo cha kushoto. Kidole hicho hicho ndicho kinachoshika Shift, ndicho kinachofuata Tab, na sasa tumekibebesha Control.

Hapo ndipo mfano wa tandiko unapopwaya. Tandiko hupimwa kwa mwili wa anayepanda. Hili lilipimwa kwa mtu anayeandika programu na amri. Kwa mtu huyo linakaa vizuri sana. Kwa anayeandika kurasa mia mbili za Kiswahili, linabana mahali ambapo mshonaji hakupaangalia.

Dawa niliyoipata ni kuihamishia Control kwenye gumba, kidole chenye nguvu ambacho siku nzima kinabonyeza nafasi tu:

setxkbmap -option ctrl:swap_lalt_lctl

Alt ya kushoto na Control ya kushoto zinabadilishana viti. Gharama yake ni kwamba Alt-Tab inakuwa ngeni kwa siku kadhaa. Nimeilipa, na kidole kimenyamaza.

Na ile mishale?

Kwenye terminali huihitaji sana: Ctrl-A inakupeleka mwanzo wa mstari, Ctrl-E mwisho, Ctrl-W inafuta neno. Kwenye vi na Emacs hali ni hiyo hiyo. Lakini msimamizi wako anakurudishia sura ikiwa na maoni pembeni, unaifungua kwenye LibreOffice, na humo Ctrl-A inachagua maandishi yote. Ukitaka kuchagua neno moja, kawaida ni Shift, Control na mshale. Kwenye HHKB ni Shift, Control, Fn na ;. Vitufe vinne kwa neno moja! Mpangilio huu umechukulia kwamba programu zako zote zina mishale yao ya ndani. Za mwanafunzi anayeandika tasnifu mara nyingi hazina.

Jambo moja naipongeza: alama ya ' imebaki mahali pake. Kuna kibodi ndogo zaidi, za vitufe arobaini na kitu, na baadhi yake huificha nyuma ya kitufe kingine. Kwa Mwingereza ni usumbufu mdogo. Kwetu ng'ombe, ng'ambo na ng'oa zinaihitaji kama herufi. Kabla ya kununua yoyote, itafute kwenye picha.

Sasa uamuzi

Kama siku yako yote ni terminali na vi, na pesa si tatizo, HHKB ni kibodi iliyofikiriwa kwa kina na hutajuta. Kama unaandika Kiswahili kwa wingi, au unasubiri bumu, baki na kibodi uliyonayo na ubadilishe mstari mmoja. Ukitaka kuokoa nafasi mezani, tafuta ndogo yenye mishale. Zipo nyingi za bei nafuu, na Linux haijali jina lililoandikwa mgongoni.

Wada alikuwa sahihi kwamba farasi hupita na tandiko hubaki. Ila siku hizi kipande kikubwa cha tandiko hilo ni mstari mmoja kwenye faili, unabebeka kwa flashi, na mshonaji ni wewe. Hesabu herufi zako kwanza, ndipo ukate kitambaa.