Sikukuu ya Tarehe 25 Desemba

Injili zote nne hazikutaja tarehe aliyozaliwa Nabii Isa (A.S.). Tarehe 25 Desemba imo katika kitabu cha kalenda cha Roma cha mwaka 354, na kitabu hicho hicho chaitaja siku hiyo kuwa ni ya kuzaliwa Asiyeshindwa, yaani jua lililoabudiwa na Warumi.

Usidhani wanaolaumu ni Waislamu peke yao. Mwaka 1659 Wakristo wa Massachusetts, Amerika, walipitisha sheria ya kumtoza shilingi 5 kila aliyeisherehekea.

Lakini mti wa Krismasi, ambao wengi wetu huuita sanamu, waonekana kwa Wakristo wa Ujerumani katika karne ya 16. Tusiwasingizie. Na kile kibanda kichomwacho Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa, tumekitoa wapi?