Mkate Unaoelekezwa Motoni

Alasiri za Ramadhani, mtaani kwetu Unguja, hupenda kusimama karibu na bibi mmoja apikaye mkate wa ufuta. Hana mizani wala saa. Ana bakuli la unga laini, kikaango cha chuma kilichokoza weusi, jiko la makaa na bakuli dogo la maji ya kulowesha mkono.

Kwake, hamira ni msaidizi tu. Kazi ni ya kupiga. Unga wa ngano ukishakutana na tui zito lenye uvuguvugu, huuingiza mkono, akauvuta juu na kuubwaga, akauvuta tena, mpaka uache kung'ang'ania bakuli na ufuate vidole bila kukatika. Hapo huufunika akauacha uumuke. Anayeharakisha hatua hii huumbuka mezani.

Kinachofuata ndicho kinachonisimamisha. Kikaango hakitiwi mafuta hata tone. Kikishapata moto, donge hutandazwa kwa kiganja chenye maji, likashika chuma palepale. Ufuta hunyunyizwa. Uso ukianza kutoboka vitundu, bibi hukishika kikaango mpini, akakipindua chote, mkate ukatazamana na makaa. Mgeni hushtuka, akijua utaanguka. Hauanguki. Joto linaupiga uso, ufuta unanukia, malengelenge yanavimba na kuingia weusi kidogo. Nyumba isiyo na tanuri imepata kazi ya tanuri. Kisha mkate hubanduliwa kwa kisu, ukapakwa samli ungali moto.

Na makaa nayo yana elimu yake. Yakiwa makali, uso huungua na ndani kubaki kubichi. Yakififia, mkate hukauka kabla haujapata rangi. Bibi hupitisha kiganja juu ya jiko, akajua.

Ngano ilifika visiwani kwa vyombo vya baharini; minazi ilikuwa kiungani. Waliovikutanisha hivi viwili hawakuandika kitabu, waliwaketisha binti zao jikoni.

Siku hizi dukani vinasifiwa vikaango visivyoshika kitu. Kwa mayai, vyema. Kwa mkate huu ni msiba: ukikipindua tu, futari imo majivuni. Basi tunaukimbizia kwenye oveni, unatoka umepauka, tunauficha aibu kwa samli. Mbuzi ya kukunia nazi inapata kutu uvunguni, na tui linatoka koponi.

Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia, nasi tukajua thamani ya milango yetu ya nakshi. Mlango ukioza, fundi ataiga ule wa jirani. Kiganja kinachopima makaa hakiachi kiolezo. Hata hivyo tunaagiza mkate kwa simu, tunanung'unika kwamba wa siku hizi ni mgumu, na hakuna nyumba inayomtuma mtoto akajifunze.