Gunia la Sukari Kutoka Kismayu: Unafuu Wake Uliishia kwa Nani?

Mtu akiambiwa kwamba ng'ambo ya mpaka bidhaa ni rahisi, huuliza kwanza: ni rahisi kwa kiasi gani? Swali zito zaidi ni la pili: urahisi huo umetoka wapi, na unaishia mfukoni mwa nani? Njia ya sukari kutoka Kismayu kwenda Kenya inatoa jibu lililo wazi kuliko mifano mingi ya Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi sukari ilishushwa Kismayu kwa bei ya soko la dunia, ikavuka mpaka bila kulipiwa ushuru, ikauzwa Garissa, Nairobi na kwingineko. Nitaieleza hatua kwa hatua, kwa sababu watu wa pwani ya Burgao, Ras Kamboni na Kiunga ndio waliokaa karibu kabisa na mpaka huo, nao ndio walioambulia kidogo kuliko wote.

Tuanze na mahali penyewe. Burgao iko kusini-magharibi ya Kismayu, kiasi cha kilomita 120 kwa mstari ulionyooka, na Ras Kamboni iko kiasi cha kilomita 50 mbele yake. Hori la Burgao lenye mikoko ni kimbilio la vyombo kwenye pwani yenye bandari chache, na Waingereza waliliita Port Durnford. Hadi mwaka 1925 Kismayu, Burgao na Lamu zote zilikuwa chini ya utawala mmoja wa Uingereza. Kwa mkataba wa Julai 1924 Uingereza ilikubali kuipa Italia eneo la Jubaland, na makabidhiano yakafanyika Juni 1925. Mpaka ukahama kutoka Mto Juba ukaja Ras Kamboni. Wabajuni, wenyeji wa pwani hii, wa visiwa vya Koyama, Chovai na Chula wakajikuta nchi moja, na ndugu zao wa Kiunga, Faza na Pate, upande wa Kenya, nchi nyingine. Lugha ni ile ile, ndoa ni zile zile, na nahodha anazijua njia za pande zote mbili. Kilichobadilika ni forodha.

Sasa hesabu. Tuchukue mfano wa tani moja ya sukari nyeupe inayofika bandarini kwa dola 400. Gunia la kilo 50 linasimama kwa dola 20. Gunia hilo likishuka Mombasa kwa njia halali, linakutana na ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo umoja wake wa forodha ulianza Januari 2005. Kwa sukari inayotoka nje ya jumuiya, kiwango kilichowekwa mwanzoni kilikuwa asilimia 100. Dola 20 zinakuwa 40. Juu yake huja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na gunia linafika dola 46 na senti 40, kabla ya tozo ndogondogo na usafiri. Pengo kati ya Mombasa na Kismayu, kwa mfano huu, ni dola 26 na senti 40 kwa gunia moja. Pengo hilo lote ni kodi tu: sukari ni ile ile na meli ni aina ile ile.

Kodi hiyo ilikuwa na sababu yake. Kenya huzalisha sukari pungufu ya inayotumia, na viwanda vyake vya magharibi huzalisha kwa gharama kubwa kuliko Brazili au Thailand. Ili kumlinda mkulima wa miwa, Kenya iliweka ukuta wa ushuru, na hata ndani ya soko la pamoja la COMESA iliomba na kuongezewa mara kwa mara muda wa kuzuia sukari ya nchi wanachama isiingie bila kikomo. Kila ukuta huo ulipopandishwa, faida ya anayeuzunguka nayo ilipanda. Mwaka 2017, ukame ulipopunguza miwa, kilo moja ya sukari madukani Kenya ilifika hadi kiasi cha shilingi 200, na serikali ikalazimika kuruhusu sukari iingie bila ushuru.

Pengo la bei peke yake halisafirishi gunia. Lazima nauli iwe ndogo, na hapa ndipo ufundi wa Kismayu ulipojitokeza. Wapiganaji wa Al-Shabaab waliishika bandari hiyo kuanzia Agosti 2008. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti yao ya 2011, walieleza mzunguko wa makaa na sukari: vyombo vilipakia makaa kwenda nchi za Ghuba na kurudi na sukari. Mfanyabiashara wa meli huogopa zaidi kurudi mtupu. Chombo kilicholipiwa na makaa kwenda kinaweza kubeba sukari kurudi kwa nauli ndogo sana. Ndiyo maana marufuku ya makaa ya Somalia, iliyopitishwa na Baraza la Usalama Februari 2012, iliihusu pia sukari: ililenga nusu ya mzunguko ule ule.

Nchi kavu kulikuwa na mzunguko wa pili. Ng'ombe kutoka bonde la Juba na maeneo ya Afmadow walipelekwa kwa miguu hadi soko la Garissa, na kutoka huko nyama yao ikalisha Nairobi na Mombasa. Biashara hiyo ilikua baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, na mchambuzi Peter Little aliieleza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu uchumi wa Somalia usio na serikali. Madalali walijuana, mawakala wa hawala walikuwepo, na shilingi ya Kenya ilikubalika pande zote. Sukari ilipita katika njia hizo hizo za kuaminiana: ilivuka mpakani Dhobley ikauzwa kwa shilingi, shilingi zikageuzwa dola Garissa au Eastleigh, Nairobi, na dola zikaenda Dubai kumlipa aliyeiuza. Hakukuwa na barua ya benki, na malipo yalifika.

Bahari ilikuwa na sehemu ndogo. Lori hubeba mamia ya magunia msimu wowote barabara inapopitika, lakini mashua ya pwani hii inategemea upepo. Wakati wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi, chombo kinachotoka Kismayu kwenda kusini kinapata upepo wa nyuma, kinapita ndani ya mwamba, kinalala Burgao au Ras Kamboni, na kufika Kiunga. Kusi linapokaza, Juni hadi Agosti, mawimbi huzifunga njia hizo kwa vyombo vidogo. Gunia lililolowa maji ya chumvi halina mnunuzi. Kwa hiyo njia ya Burgao haikuweza kushindana na ile ya Dhobley kwa wingi. Ilifaa mahitaji ya vijiji, unga, mafuta na sukari ya chai, bidhaa ambazo kuzileta kutoka Mombasa hadi Kiunga ni safari ndefu zaidi kuliko kuzileta kutoka kaskazini.

Tugawanye sasa zile dola 26. Kenya iliingiza majeshi yake Somalia Oktoba 2011, na Kismayu ikatekwa mwishoni mwa Septemba 2012. Wengi walidhani njia ya sukari ingefungwa. Shirika la Journalists for Justice lilichapisha ripoti Novemba 2015 likidai kwamba biashara iliendelea, kwamba kila gunia lilitozwa dola 2 bandarini kwa manufaa ya maafisa wa jeshi la Kenya, na kwamba Al-Shabaab, walioshika sehemu za barabara, walitoza kila lori zaidi ya dola 1,000. Jeshi la Kenya lilikanusha madai hayo. Tukichukua viwango hivyo kama vilivyodaiwa, na lori la magunia 300, tozo za barabarani zinakuja zaidi kidogo ya dola 3 na senti 30 kwa gunia. Pamoja na zile 2 za bandarini ni dola 5 na kitu. Zinabaki takriban dola 21 za kulipia usafiri, kufumbisha macho kwenye vizuizi vya upande wa Kenya, na faida ya wenye mzigo.

Mnunuzi wa rejareja yuko wapi katika mgawo huu? Yuko mwisho kabisa. Bei ya dukani haikupangwa kwa kuangalia gunia liligharimu nini Kismayu. Ilipangwa kwa kuangalia bei ya sukari halali: muuzaji alishusha kidogo tu, kiasi cha kumfanya mnunuzi aache ile ya kiwandani. Pale ambapo wauzaji wa magendo walikuwa wengi na karibu na mpaka, ushindani uliwalazimisha washushe zaidi. Kadiri mzigo ulivyoelekea Nairobi, ndivyo ulivyozidi kufanana bei na sukari nyingine. Baadhi ya mizigo ilihamishwa kwenye mifuko yenye chapa za viwanda vya Kenya, na hapo mnunuzi alilipa bei kamili akidhani ananunua sukari ya nyumbani. Unafuu wote ulikuwa umeshaliwa njiani.

Mnunuzi huyo alipoteza kitu kingine. Mfuko uliobadilishwa hauna tarehe ya kweli wala asili ya kweli. Katikati ya 2018 serikali ya Kenya ilikamata maelfu ya magunia sehemu mbalimbali za nchi, na mabishano makali yakazuka hadharani kuhusu iwapo sukari hiyo ilikuwa na madini ya sumu. Mabishano yale yenyewe yanatosha kuwa funzo: bidhaa isiyo na karatasi haina wa kuijibia, na mlaji hana pa kushtaki.

Linganisha na wanunuzi wa mpakani wa kwingine. Soko la pamoja la Ulaya lilipoanza Januari 1993, Waingereza walivuka kwa meli hadi Calais, Ufaransa, kununua mvinyo, kwa sababu ushuru wa mvinyo Ufaransa ni mdogo sana. Forodha ya Uingereza iliweka kipimo cha lita 90 kama mwongozo wa matumizi binafsi. Huko Marekani, jimbo la New Hampshire halina kodi ya mauzo, na maduka ya mvinyo ya serikali yake yamejengwa kando ya barabara kuu ili watu wa majimbo jirani wasimame wanunue. Hawa nao walifuata tofauti ya kodi, kama wale wa sukari. Lakini mnunuzi alivuka mwenyewe, alisoma bei rafuni, alipata risiti, na hakuna kizuizi kilichomega faida yake. Tofauti ya bei ilibaki kwake karibu yote, ikitolewa nauli. Hiyo ndiyo maana ya mpaka ulio wazi wenye kanuni: unaweka unafuu mkononi mwa mtu mdogo. Mpaka uliofungwa juu ya tofauti kubwa ya kodi unauweka mkononi mwa mwenye lori na mwenye bunduki.

Mei 2023 Kenya na Somalia zilitangaza kwamba vivuko vitafunguliwa kwa awamu, Mandera, kisha Liboi, kisha Kiunga na Ras Kamboni. Julai mwaka huo huo Kenya iliahirisha baada ya mashambulizi. Somalia ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 2024. Wapo waliofurahi wakisema sasa sukari ya Kismayu itaingia bure. Hapana, haitaingia. Kanuni ya asili ya bidhaa inasema msamaha wa ushuru ni wa kile kilichozalishwa ndani ya jumuiya. Sukari ya Brazili iliyopita Kismayu ni ya Brazili bado, na ushuru wake ni ule ule. Atakayefaidika ni mvuvi wa Burgao mwenye samaki na kamba, mfugaji mwenye ng'ombe, na mkulima wa ndizi wa bonde la Juba, maana mali zao ni za hapa.

Na sukari pia ingeweza kuwa ya hapa. Bonde la Juba lilikuwa na kiwanda kikubwa cha sukari huko Mareerey, karibu na Jilib, kilichofunguliwa mwaka 1980 na kuharibiwa na vita vilivyoanza 1991. Miwa ikisagwa tena huko chini ya amani, gunia lake litavuka Ras Kamboni kwa cheti cha asili, bila ushuru huo na bila kumwogopa mtu.

Hukumu yangu basi ni hii. Njia ya Kismayu ilikuwa hodari kwa ufundi: ilijaza meli kwenda na kurudi, ilitumia njia za ng'ombe kupitisha sukari, na ililipana bila benki. Kwa mnunuzi ilikuwa njia mbaya, kwa sababu kila dola aliyodhani ameiokoa ilikuwa imeshalipwa kwa mtu mwingine asiyemjua. Serikali mbili zinazojadili vivuko zisikipuuze kile cha Kiunga na Ras Kamboni kwa kuwa ni kidogo na kiko mwisho wa orodha. Kifunguliwe kwa ulinzi unaostahili, kiwekwe afisa wa forodha anayetoa risiti, na kila mkaazi aandikiwe kwa Kiswahili na Kisomali kiasi anachoruhusiwa kuvuka nacho kwa matumizi ya nyumbani. Nawe msomaji, ukiambiwa kuna bei nafuu ng'ambo, hesabu kodi ya pande zote mbili, ongeza nauli, kisha uulize risiti itatolewa na nani. Akikosekana wa kuitoa, usinunue.