Kanuni na Kumbukumbu: Tahakiki ya Hoja ya Steven Pinker kuhusu Wakati Uliopita wa Vitenzi vya Kiingereza

Katika kitabu chake Words and Rules (1999), Steven Pinker anadai kwamba walked huundwa kwa kanuni, ilhali sang hutolewa katika kumbukumbu. Hoja hii ina nguvu: yaeleza kwa nini mtoto husema goed, kwani kumbukumbu ikikosa umbo, kanuni hushika nafasi yake. Hata hivyo, mpaka wenyewe una mianya. Katika jaribio la Jean Berko la mwaka 1958, watu wazima wengi waliopewa kitenzi cha kubuni gling walijibu glang au glung, maumbo ambayo hawakuwahi kuyasikia. Pinker anakiri kwamba kumbukumbu huunganisha maneno yanayofanana kwa sauti; lakini kumbukumbu inayozaa umbo jipya imekwisha kufanya kazi ya kanuni.

Kwa watunga mitaala, jambo hili si dogo. Jedwali lililopangwa kialfabeti huvitenganisha drink, ring na sing, ambavyo irabu zake hubadilika kwa namna moja. Mwanafunzi hulazimika kukariri kimoja kimoja vitenzi ambavyo angejifunza kwa makundi. Inafaa vipangwe kwa ruwaza za sauti, na kukariri kuachiwe maumbo yasiyo na wenzao, kama went.